Macho yanachoma na kuwasha: fanya haya kabla hujaomba dawa ya matone

Swali ni lile lile kila siku, asubuhi mpaka tunafunga. Mtu anainama kwenye kidirisha cha duka la dawa, jicho moja kalifumba, anasema "dokta nipe ya macho". Mimi sio daktari, nauza dawa, ila hicho cheo tushapewa wote tunaokaa nyuma ya kaunta na hamna namna ya kukirudisha. Nikimuuliza macho yamefanyaje anaona namchelewesha, yanachoma tu, nipe ile ya matone ya bei ya kawaida. Sasa ile ipi? Kwenye shelfu hapa zipo za bakteria, za aleji, za kulainisha jicho kavu, za presha ya macho, na zile kali za kuzima uvimbe ambazo ukimpa mtu asiyepimwa unaweza kumpofusha, na zote ni vichupa vidogo vyeupe vinavyofanana. Ndo maana nimeamua niandike mara moja, ukisoma ujue nini ufanye nyumbani, nini ununue na lini uache vyote ukimbilie hospitali. Na nikwambie mapema tu, wengi wenu mnaokuja hamhitaji dawa ya kutibu chochote, mnahitaji maji, muda na kuacha kufikicha.

Wafuatao wasiendelee kusoma

Kama una mojawapo ya haya, nenda hospitali yenye kitengo cha macho leo hii hii, sio kesho baada ya kujaribu kitu:

- Unaona ukungu au uoni umepungua, na hata ukipepesa macho hausafiki
- Maumivu ni ya ndani, makali, au mwanga unakuumiza mpaka jicho halifunguki
- Kuna doa jeupe limetokea kwenye kile cheusi cha jicho
- Jicho limepigwa, limechomwa na mwiba au jani la mpunga, au kipande cha chuma kimelirukia wakati mnasaga au kugonga nyundo
- Unavaa lenzi za macho na jicho limekuwa jekundu linauma (zivue, usizitupe, nenda nazo)
- Jicho jekundu linauma, kichwa kinapasuka, unatapika na taa unaziona zimezungukwa na duara za rangi, hiyo inaweza kuwa presha ya macho imepanda ghafla
- Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja anatoka usaha machoni. Huyu hata usiku usipite, maambukizi mengine wanayopata wakati wa kuzaliwa yanatoboa jicho ndani ya siku chache

Waliobaki tuendelee.

Vitu vya kuwa navyo

Sio vingi. Maji safi yanayotiririka, yaani bomba, au ndoo na kikombe. Sabuni. Vitambaa safi vya pamba, viwili viwili ili kila jicho liwe na chake. Kioo na tochi ya simu. Shampuu ya mtoto. Kama unaweza, nunua chupa ya maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, na kichupa kimoja cha machozi ya bandia, muulize muuzaji kwa jina hilo hilo atakuelewa, kwenye boksi yanaandikwa ni ya kulainisha macho na hayana antibayotiki ndani. Maji ya chumvi ya kupima kwa kijiko jikoni sishauri, watu wanazidisha chumvi alafu wananiambia dawa ya asili inachoma sana maana yake inafanya kazi. Hapana, inachoma kwa sababu ni chumvi.

Haya, hatua zenyewe.

1. Nawa mikono, alafu kama kuna kitu kimeingia mwaga maji kwanza, maswali baadaye

Mikono ni kwa sabuni. Aliyetoka kukata pilipili anajua kwa nini, ule ukali wake hautoki kwa maji matupu, pitisha mafuta kidogo ya kupikia kwenye vidole kisha sabuni, ndo uguse uso. Kwenye jicho lenyewe usiweke mafuta, weka maji.

Sasa kuosha jicho watu wengi hawajui. Anachota maji kwenye kiganja anarushia usoni mara tatu, amemaliza. Hapo hujaosha jicho, umeosha kope. Inamisha kichwa upande, jicho lililoumia liwe chini ili uchafu usihamie kwenye zima, mtu mwingine afungue kope kwa vidole viwili, maji yamwagwe taratibu kuanzia upande wa pua kwenda nje, na wewe uwe unaangalia juu, chini, kulia, kushoto huku yanapita. Vumbi na moshi dakika chache zinatosha.

Kemikali ni habari nyingine. Chokaa, simenti, dawa ya kulainisha nywele ya saluni, jiki, maji ya betri, sabuni kali za chooni, hapo unamwaga maji dakika zisizopungua 30 ukiangalia saa, kweli kabisa nusu saa, alafu unaenda hospitali hata kama nafuu imekuja, na kama kwenye gari au bajaji mnaweza kuendelea kumwagia endeleeni. Chokaa, simenti na dawa ya nywele zinatisha kuliko maji ya betri japo watu wanaogopa zaidi tindikali, maana vitu vya aina ya chokaa vinaendelea kuchimba ndani ya jicho hata baada ya maumivu kupungua. Fundi ujenzi ukiona vipande vya chokaa vimebaki chini ya kope vitoe kwa ncha ya kitambaa kilicholowa, usiviache viyeyukie humo. Na tafadhali usitafute kitu cha "kuua makali", eti tindikali inamaliziwa na chokaa au chokaa inamaliziwa na limao. Maji tu. Maji ya bomba, ya kisima, ya kunywa, yoyote yaliyo karibu na masafi, dakika ya kwanza ndo ya thamani.

Utomvu wa mnyaa, ule mmea wa uzio unaotoa maziwa meupe ukiukata, nao uko kwenye kundi hili, kila msimu wa kufyeka viwanja tunawapata. Osha sana, alafu hospitali. Mate ya swira vilevile, maji mengi haraka, na kama mko porini na maji hakuna basi maziwa au hata soda ya baridi ni bora kuliko kukaa, kisha safari ya hospitali bila kusubiri kuona itakuwaje. Bomu la machozi ni jepesi zaidi kwa wengi, toka eneo lile, simama uelekee upepo unakotoka, pepesa, osha, usifute kwa nguo uliyokuwa umevaa.

2. Acha kufikicha

Najua. Ila ukifikicha jicho lenye chembe ya mchanga unaisugua kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu unaofunika kile cheusi, mpaka kichubuke, na jicho la aleji ukilifikicha linawasha zaidi baada ya dakika mbili kwa sababu umekamua zile kemikali za muwasho zikamwagika. Mtoto anayefikicha macho miaka na miaka anaweza kuharibu umbo la kioo cha jicho kikachongoka mbele, hapo miwani ya kawaida haimsaidii tena. Ukizidiwa, kitambaa cha baridi juu ya kope iliyofumbwa.

3. Simama mbele ya kioo ujibu maswali manne

Macho yote au moja? Linawasha, linachoma, au unahisi mchanga mchanga? Linatoa nini, machozi, utelezi wa kuvutika, au usaha wa njano? Na lilianza lini, ukiwa unafanya nini, ukiwa wapi? Hilo la mwisho ndo linajibu nusu ya kesi zangu, mtu akishatulia akakumbuka kwamba jana alibandika kope, au wiki hii wamehamia ofisi yenye kiyoyozi, au mdogo wake karudi bwenini na macho mekundu.

4. Linganisha majibu yako na hivi vyanzo

*Yote mawili, yanachoma, yanatoa machozi, jioni ndo mbaya zaidi.* Hilo ni jicho kavu au lililochoshwa na hewa. Usishangae jicho kavu kutoa machozi, linajitetea, ila machozi hayo ni ya maji maji hayakai. Ukiangalia skrini unasahau kupepesa, kawaida mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika na kwenye simu inashuka mpaka nusu au chini ya hapo. Ongeza feni inayokupuliza usoni usiku kucha, ongeza vumbi la barabara ya mtaani. Bodaboda ndo wateja wangu wakubwa hapa, na ukimwangalia kofia yake kioo kimekwanguka mpaka hakionyeshi kitu, kwa hiyo anaendesha kakiinua juu, siku nzima upepo na mchanga vinampiga, alafu anataka dawa. Badilisha kioo, bosi wangu, au vaa miwani myeupe inayofunika pembeni.

*Yote mawili, yanawasha kuliko kuchoma, utelezi mweupe wa kuvutika, mafua na chafya juu.* Aleji. Kwa watoto hasa, na inarudi rudi kwa misimu, weupe wa jicho unakuwa na rangi ya udongo udongo. Vumbi la godoro, maua ya miti, manyoya ya paka, poda, manukato, udi pia, samahanini wa pwani lakini ndo ukweli.

*Lilianza moja, siku moja mbili likafuata la pili, machozi mengi, jekundu sana, na nyumbani au kazini kuna mwenzako anaumwa.* Macho mekundu ya virusi. Wa Dar mnakumbuka Januari 2024 yalivyolipuka mpaka Wizara ya Afya ikatoa tangazo, watu wakanunua kila kichupa kilichopo mjini, na hakuna hata kimoja kinachoua kile kirusi. Kinaisha chenyewe wiki moja hadi mbili, wengine kinasogea zaidi. Kuna aina yake ilionekana Ghana mwaka 1969 wakaiita Apollo 11 kwa sababu mwaka ule ndo watu walitua mwezini, basi na sisi tulikosa jina zuri tu. Unapoumwa, taulo lako, mto wako, wanja wako, na usishikane mikono. Kunawa ndo dawa ya kuzuia, sio miwani nyeusi, kuangaliana hakuambukizi.

*Usaha wa njano au kijani, asubuhi kope zimegandana mpaka uzilowanishe.* Hiyo huenda ni bakteria, hapa ndo antibayotiki ya matone au ya mafuta ina kazi. Matongotongo kidogo ya asubuhi peke yake sio usaha, kila mtu anaamka nayo.

*Kingo za kope nyekundu, zina ukoko kama mba kwenye mizizi ya nywele za kope.* Kope zenyewe ndo zinaumwa, vile vitundu vya mafuta vimeziba. Nenda hatua ya 5, upande wa kitambaa cha moto.

*Lilianza ghafla usiku, yote mawili, kama yamejaa mchanga wa moto, na mchana ulikuwa kwenye weldingi.* Huu ni mwanga wa weldingi umeunguza juu juu ya jicho, na ubaya wake unakuja saa 6 mpaka 12 baadaye, kwa hiyo mtu anaenda kulala mzima anaamka anapiga kelele. Alfajiri moja nilifungua nikamkuta fundi kasimama nje kashikwa mkono na mwanafunzi wake, kichwani kafunga leso, ndani ya leso vipande vya kiazi mviringo. Kiazi kinapoza tu, kitambaa cha baridi kinafanya kazi ile ile bila uchafu. Kaa gizani, meza dawa ya maumivu ya kawaida, machozi ya bandia mara nyingi, ndani ya siku moja au mbili inaisha. Isipoisha, au ni jicho moja tu, huenda ni kipande cha chuma na sio mwanga, nenda wakalikague. Na usikubali kuuziwa yale matone ya ganzi. Yanaondoa maumivu ndani ya dakika, ndo maana mafundi wanayapenda, ila ukiyarudia rudia jicho haliponi, kioo chake kinaanza kuoza na wewe huhisi kitu.

*Kope imevimba, ngozi pembeni imeungua mstari mwekundu, mvua zimenyesha juzi.* Nairobi fly, kale kadudu kembamba kenye rangi nyekundu na nyeusi. Hakaumi, ila ukikapondea shingoni sumu yake inabaki kwenye vidole alafu unajifuta jicho. Kakitua mwilini kapulize, usikapige. Kama ushakaponda osha ngozi na mikono kwa sabuni, jicho kwa maji, na jicho lenyewe likiwa jekundu sana nenda kituo cha afya.

Moshi sijauwekea mstari wake kwa sababu unaingia kote, unachosha jicho kavu, unaamsha aleji. Mama lishe anayepikia kuni mbichi kwenye banda lenye mabati pande tatu hata nimpe nini atarudi. Kuni zikaushwe, jiko lisogezwe mlangoni, na ukae upande ambao upepo unakotoka. Jiko la mkaa usiliwashie ndani kabisa, achana na macho, lile linaua.

5. Kitambaa: baridi au moto

Baridi kwa aleji, macho mekundu ya virusi, weldingi, na uvimbe. Lowanisha kwenye maji ya baridi, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 hadi 10, rudia unavyotaka. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Moto kwa kope zenye ukoko na jicho kavu sugu, na kwa chunusi ya kope ile tunayoiita chokea. Maji ya uvuguvugu unaoweza kuyavumilia ndani ya kifundo cha mkono, dakika 5 hadi 10, kitambaa kikipoa kirudishe, kisha kwa kidole safi sugua kope taratibu kuelekea kwenye mzizi wa nywele, kisha tone la shampuu ya mtoto kwenye maji kidogo, chovya kitambaa, futa ukoko ukiwa umefumba, suuza. Asubuhi na jioni. Hii haiponi kwa siku mbili, ni wiki kadhaa na baadaye unaiendeleza kama kupiga mswaki, ndo maana watu wanaichoka na kurudi kuomba matone. Chokea usiikamue.

6. Weka machozi ya bandia, na uweke vizuri

Kaa au lala, angalia juu. Vuta kope ya chini kwa kidole itengeneze kamfuko, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Tone moja. Jicho halibebi hata hilo moja lote, la pili linatiririka shavuni, umemwaga hela. Fumba taratibu usikaze, bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja hivi ili lisishukie kooni. Kama una dawa mbili subiri dakika 5 katikati, ya mafuta iwe ya mwisho.

Kichupa ukishafungua andika tarehe kwa kalamu ubavuni, baada ya wiki 4 kitupe hata kama kimebaki nusu. Hapa wengi mnanikasirikia lakini ndo hivyo.

Aleji ikikusumbua kweli ziko dawa za matone za aleji zisizo na steroidi (zile kali za kuzima uvimbe nilizozitaja mwanzo), uliza zile za kromoglikati, zinatumika mara 4 kwa siku na zinachukua siku kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usiziache siku ya pili ukisema haifanyi kitu.

7. Ondoa kilichosababisha

Kwenye kompyuta, kila dakika 20 inua macho uangalie kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na upepese makusudi. Skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike zaidi. Feni igeuzie ukutani. Kope za bandia na gundi yake zikikuchoma mara moja usijipe moyo kwamba utazoea, aleji ya gundi inazidi kila unapobandika. Wanja na maskara usichangie, na vya zamani vitupe ukishaumwa macho. Wanja wa manga kwa watoto wachanga tuache jamani, mwingine una madini ya risasi na mtoto anafuta anaweka mdomoni.

8. Jipe siku 2 hadi 3

Muwasho wa vumbi, moshi au uchovu unatakiwa upungue ndani ya muda huo. Usiwe unaongeza kitu kipya kila baada ya saa sita.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kubwa kuliko yote ni matone yenye steroidi. Soma boksi, ukiona jina lina Dexa au Pred au Beta, au dawa mbili zimechanganywa na moja ina jina la hivyo, usiweke bila kupimwa na mtu wa macho. Yanapendwa kwa sababu jicho jekundu linakuwa jeupe kesho yake, mteja anafurahi anawaambia mtaa mzima. Sasa kama ndani kulikuwa na kidonda cha fangasi au cha virusi vya malengelenge, umekilisha, kinakula kioo cha jicho kimya kimya huku nje kunang'aa. Na ukitumia miezi, presha ya jicho inapanda, mtoto wa jicho anaota mapema. Alikuja kijana na chupa haina boksi, karatasi ya jina imefutika kwa jasho la mfukoni, kaishika kwenye mwanga ananiambia ilimsaidia shemeji, anataka nyingine kama hiyo. Nilipoisoma kwa tabu nikakuta Dexa, na ameiweka tangu mwezi ule wa nyuma. Hakupata nyingine, alipata karatasi ya kwenda kupimwa presha ya macho.

Kosa lingine, mkojo, maziwa ya mama, majani ya chai, asali, majani yaliyotafunwa na bibi. Najua nia ni njema. Mkojo unaweza kubeba kisonono, na kisonono kwenye jicho hakina msamaha. Majani yanaleta fangasi. Shikamoo bibi, ila jicho la mjukuu lioshwe kwa maji safi.

Alafu kuna wa kukosea chupa. Dawa ya sikio kuiweka jichoni, au mbaya zaidi gundi kali ile ya kuunganishia viatu, kichupa chake ni kidogo kina ncha kama cha matone na usiku umeme umekatika unapapasa kabatini. Kope zikigandana kwa gundi usivute, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu na uende hospitali hivyo hivyo.

Na antibayotiki kwa kila jicho jekundu. Haidhuru sana mara moja, ila inakupotezea siku ambazo ungejua tatizo lako sio bakteria.

Nimefanya vyote, bado

*Yanachoma kila nikiweka matone yenyewe.* Kuchoma sekunde chache ni kawaida kwa dawa nyingi. Kama kunazidi kila siku na kope zinakuwa nyekundu, huenda una aleji na dawa ya kuhifadhi iliyomo kwenye chupa. Acha, tafuta ya vichupa vya kutumia mara moja.

*Nahisi kitu kimekwama juu, nikipepesa kinakwaruza.* Mwenzako ageuze kope ya juu kwa kijiti cha pamba, chembe mara nyingi imejificha hapo, iguse kwa kitambaa kilicholowa itoke. Ikiwa imekaa juu ya kioo cha jicho, kwenye kile cheusi, usiiguse. Ikitoka na bado kunakwaruza siku inayofuata, jicho limechubuka, wakaliangalie.

*Mama yangu kijijini nywele za kope zinamchoma jicho, anazing'oa kwa kibano kila wiki.* Hiyo mara nyingi ni vikope, trakoma, imekunja kope kuelekea ndani baada ya miaka mingi ya maambukizi. Maeneo makavu ya Dodoma kama Kongwa wanaijua vizuri. Nywele zilizong'olewa zinarudi fupi na ngumu zinakwangua zaidi. Kuna upasuaji mdogo wa kugeuza kope, unafanyika kwa ganzi na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ulizia kituo cha afya kambi ya macho inakuja lini, usimwache aendelee na kibano.

*Mtoto macho makavu, hayang'ai, na jioni anajikwaa kwenye vitu.* Usimtilie matone. Huo unaweza kuwa upungufu wa vitamini A, apelekwe kliniki haraka sana.

*Macho mekundu ya virusi yameisha ila sasa naona ukungu na mwanga unanisumbua.* Inatokea kwa baadhi, kirusi kinaacha madoa madogo kwenye kioo cha jicho. Hapa ndo steroidi inaweza kuhitajika kweli, lakini kwa mkono wa daktari wa macho na presha ya jicho ikipimwa.

*Nimejaribu siku tatu, hamna nafuu, niende wapi?* Hospitali ya wilaya au ya rufaa yenye kitengo cha macho, Dar kuna CCBRT na Muhimbili, kaskazini kuna KCMC, Kenya wa karibu na Nairobi wana hospitali ya Kikuyu. Beba vichupa vyote ulivyotumia, hata vile unavyoona aibu kuvionyesha. Nenda bila wanja, bila kope, bila lenzi. Na usiende na pikipiki ukiwa wewe ndo dereva, maana wakikuwekea yale matone ya kupanua mboni utaona ukungu saa kadhaa na jua litakuchoma, nenda na mtu wa kukurudisha.